Chale, kinyago na kitambulisho: nani humfanya Mmakonde awe Mmakonde?

*Wamakonde wamevuka mto, mipaka na itikadi, na katika kila hatua swali la mtu kujijua limejibiwa upya. Jibu la karibuni limetolewa na ofisi ya usajili.*

Oktoba 2016, Wamakonde wa kaunti ya Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, waliandamana kuelekea Nairobi kudai hati ambayo Wakenya wengine huipata kwa kujaza fomu na kuchukuliwa alama za vidole, nayo ni kitambulisho cha taifa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Kenya na kukulia humo, lakini kwa kuwa babu zao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, rejista za serikali hazikuwa na mahali pa kuwaweka.

Asiye na kitambulisho nchini humo hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya benki, kupata hati ya shamba wala kupiga kura, na watoto wake hukwama pale vyeti vya kuzaliwa vinapohitajika. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea waandamanaji na kuamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na Februari 2017 Wamakonde walitangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Tangazo hilo liliwarudishia watu haki waliyonyimwa kwa zaidi ya nusu karne, na umuhimu wake hauna mjadala. Lakini liliifanya serikali kuwa mwamuzi wa swali ambalo Wamakonde wenyewe walikuwa wakilijibu tangu kabla mpaka haujachorwa: Mmakonde ni nani, na anajijuaje kuwa ndiye?

Utambulisho, yaani namna mtu anavyojifahamu na anavyofahamika na wenzake, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni mali iliyofichwa moyoni mwa mtu binafsi. Historia ya Wamakonde inaonyesha kinyume chake, kwamba mtu hupewa utambulisho kwa mikono ya wengine, kwa kufundishwa, kuchezwa ngoma, kupewa jina, na zamani hata kwa kuchanjwa ngozi, kabla hajafikia umri wa kuuliza kama anautaka.

Mama aliyechongwa

Wamakonde wengi huishi pande mbili za mto Ruvuma: kaskazini kwenye uwanda wa juu wa Newala, mkoani Mtwara, Tanzania, na kusini kwenye uwanda wa juu wa Mueda, jimboni Cabo Delgado, Msumbiji. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno waliufanya mto huo mpaka bila kuwauliza wakazi wake, na tangu hapo majirani wa lugha moja wakawekwa chini ya kodi mbili, sheria mbili na hatimaye mataifa mawili.

Masimulizi ya asili yao, yaliyoanza kuandikwa na wageni mwanzoni mwa karne ya 20, yanaeleza kwamba mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, bila kuoga wala kunyoa, hata siku moja akachonga sanamu ya kike kwa gogo na kuisimamisha karibu na makazi yake, nayo ikageuka mwanamke hai. Walipokaa kando ya mto mtoto wao alizaliwa mfu, walipopanda juu kidogo wa pili naye akazaliwa mfu, na walipofika juu kabisa, kwenye uwanda, wa tatu akaishi.

Masimulizi haya yanampa Mmakonde mahali pake duniani, yaani uwanda mkavu wenye vichaka vizito, ambako maji yalilazimika kuchotwa mbali mabondeni, lakini wawindaji wa watumwa na wavamizi walipata taabu kupenya. Yanampa pia mama kuwa chimbuko, jambo linalolingana na utaratibu wa ukoo, kwa sababu kwa desturi mtoto wa Kimakonde huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye mwenye kauli kubwa juu ya malezi, ndoa na urithi wake.

Uzito wa utaratibu huo kwa mtu mmoja mmoja ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa na waliozoea ukoo wa baba. Kijana anayeulizwa yeye ni wa nani hujibu kwa kutaja upande wa mama, na anapotafuta shamba, mke au msaada wa msiba, anajua aanzie mlango gani. Uislamu, ulioenea sana upande wa Newala, na Ukristo wa Kikatoliki, wenye nguvu upande wa Mueda, vimeleta taratibu za urithi na majina ya upande wa baba, hivyo leo Wamakonde wengi hubeba hesabu mbili za nasaba kwa wakati mmoja na kutumia ile inayofaa pale walipo.

Ngozi iliyokuwa hati

Hadi katikati ya karne ya 20, Mmakonde hakuhitaji karatasi ili atambulike. Usoni, kifuani, tumboni na mgongoni alikuwa na chale, yaani mistari iliyochanjwa kwa kisu na fundi maalumu na kusuguliwa unga wa mkaa ili kovu libaki jeusi na lililoinuka, ikipangwa kwa pembe zilizofuatana, nyota na maumbo mengine ambayo mwenyeji aliyasoma mara moja. Wanawake walivaa ndonya, kipande cha mti kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu uliotobolewa tangu utotoni, na wengi, wake kwa waume, walichonga meno.

Chale zilikuwa urembo, na pia zilikuwa ushahidi wa ushujaa, maana aliyezivumilia bila kulia aliheshimiwa na wenzake. Yapo maelezo kwamba desturi hii ilikusudiwa kuwafanya watu wachukize machoni pa wafanyabiashara wa utumwa, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu watu hawajipambi kwa uangalifu wa kiasi hicho, kizazi baada ya kizazi, kwa nia ya kuchukiza tu.

Alama hizo hazikufutika wala hazikuvuliwa. Mtu aliyechanjwa hakuweza siku moja kuamua kuwa si Mmakonde, na kwa sababu hiyo ngozi ilimlinda pale alipohitaji wenzake na kumfichua pale alipotamani kupita bila kujulikana.

> Mtu aliyechanjwa hakuweza siku moja kuamua kuwa si Mmakonde: ngozi ilimlinda pale alipohitaji wenzake na kumfichua pale alipotamani kupita bila kujulikana.

Mijini na kwenye mashamba ya wakoloni, ambako Wamakonde walichanganyika na watu wa makabila mengi, chale na ndonya viligeuka sababu ya kudhihakiwa na kuitwa washamba. Wazazi walioonja dhihaka hizo waliacha kuwachanja watoto wao, shule na misheni zikakazia uamuzi huo, na leo nyuso zenye chale zimebaki kwa wazee wachache. Hakuna sababu ya kutamani desturi hiyo irudi, kwa kuwa iliumiza watoto wasio na kauli, lakini ni haki kutambua kwamba iliondoka kwa aibu iliyotoka nje zaidi ya hoja iliyojadiliwa ndani.

Siri ya lipiko

Kilichodumu zaidi ya chale ni mafunzo ya utu uzima. Kwa Kiswahili hujulikana kama jando kwa wavulana, ambalo huhusisha tohara, na unyago kwa wasichana, ambao kwa desturi ya Wamakonde hauhusishi ukeketaji. Anayefundishwa huitwa mwali, anayemtahiri mvulana ni ngariba, na mwanamke anayemfunda msichana ni kungwi.

Mtaalamu Arnold van Gennep, katika kitabu alichokichapisha Ufaransa mwaka 1909, alionyesha kwamba ibada za aina hii duniani kote hupita hatua tatu: mtu hutengwa na maisha yake ya awali, hukaa kwa muda katika hali isiyo ya zamani wala ya sasa, kisha hurudishwa katika jamii akiwa na hadhi mpya. Jando la Wamakonde lafuata mkondo huo, maana wavulana hutolewa nyumbani na kupelekwa kumbini, yaani makazi yaliyojengwa nje ya kijiji, hufundishwa uwindaji, nyimbo, heshima kwa wakubwa na mambo ya ndoa, kisha hurejeshwa kwa shangwe wakiwa wamevishwa nguo mpya na mara nyingi wakiwa na jina jipya.

Kiini cha mafunzo hayo ni lipiko, ambalo kwa wingi huitwa mapiko. Ni kinyago chepesi cha mbao kinachovaliwa kichwani, na mara nyingi huwekwa nywele halisi za binadamu na kuchorwa chale kwa nta ya nyuki. Anayekivaa hufunikwa mwili mzima kwa nguo, na wanawake na watoto hutarajiwa kuamini, au angalau kutenda kana kwamba wanaamini, kuwa kilichotoka porini ni mzimu, roho ya mfu aliyerudi kucheza kati ya walio hai.

Kumbini ndipo mvulana hufunuliwa kwamba ndani ya lipiko yumo mtu, pengine jirani yake mwenyewe, naye hutakiwa kuitunza siri hiyo. Tofauti ya mtoto na mtu mzima, kwa hesabu hii, ni kile anachokijua na kukibeba kimya zaidi ya urefu au nguvu zake, na mwanamume hujiona mwanamume kwa sababu amekabidhiwa jambo ambalo kundi zima linategemea uaminifu wake katika kulilinda.

Hapa utamaduni unaonekana ukifanya kazi yake kwa ukamilifu. Mvulana haambiwi tu kwamba yeye ni Mmakonde, bali anafanywa mshiriki wa jambo lisiloweza kuendelea bila yeye, na mtu aliyeshirikishwa kwa namna hiyo hawezi kujifikiria nje ya wenzake bila kujihisi amepungukiwa.

Sanaa iliyozaliwa ugenini

Kazi za shuruti na kodi za Wareno ziliwavusha Wamakonde wengi wa Msumbiji kwenda Tanganyika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakatafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na Tanga, na wengine wakaendelea hadi Zanzibar, Mombasa na Kwale. Wenzao wa kaskazini waliwaita Wamawia, jina ambalo wengi wao hawakulipenda, ilhali kwa Wazaramo, Wadigo na wenyeji wengine wa pwani wote walikuwa Wamakonde tu.

Mwaka 1969 mwanaanthropolojia Fredrik Barth wa Norwei alitoa hoja kwamba kundi la watu hujifahamu zaidi pale linapokutana na makundi mengine, kwa kuwa mipaka ya mahusiano ndiyo huamua ni sehemu zipi za utamaduni zitakazobebwa kama alama. Uwandani Mueda, mtu alikuwa wa ukoo fulani na kijiji fulani, na neno Mmakonde halikuwa na kazi kubwa kila siku. Kwenye kambi za mkonge, kati ya Wanyamwezi, Waha na Wasambaa, likawa jina la kwanza la kumtambulisha.

Uchongaji wa mpingo ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Vinyago vya asili vya Wamakonde vilichongwa kwa mbao laini na kwa ajili ya ngoma, lakini walowezi, wamisionari na watalii walipoanza kununua sanamu, wachongaji walihamia kwenye mpingo, mti mgumu na mweusi unaodumu na kung'aa, na kuanzia miaka ya 1950 jijini Dar es Salaam zikazuka mitindo miwili mikubwa. Ule wa nguzo ya watu waliopandana na kushikana, uliohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, baadaye ukaitwa Ujamaa, na ule wa viumbe wa ajabu wenye viungo vilivyopinda, uliohusishwa na Samaki Likankoa, ukaitwa Shetani.

Mnunuzi wa Ulaya anayeinunua sanamu ya aina hiyo katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, huamini kwamba anachukua urithi wa kale. Ukweli ni kwamba mitindo hiyo ilibuniwa na wahamiaji, mbali na uwanda wao, wakiuzia wageni, na kwa upande mmoja ikapewa jina na siasa ya nchi iliyowapokea. Hilo haliifanyi kuwa ya uongo, kwa sababu wachongaji walitia humo mizimu, mama na ukoo waliouacha nyuma, na watoto wao wamekua wakijua kwamba kuwa Mmakonde ni kuwa mtu wa mikono yenye ufundi.

> Mitindo inayouzwa kama urithi wa kale ilibuniwa na wahamiaji, mbali na uwanda wao. Hilo haliifanyi kuwa ya uongo.

Utambulisho huo wa ugenini uligeuka siasa. Wafanyakazi wa bandarini na mashambani kutoka Msumbiji walianzisha vyama vya kusaidiana katika Tanganyika, Zanzibar na Kenya, na humo kikachipuka chama cha MANU, ambacho mwaka 1962 kiliungana na vingine jijini Dar es Salaam kuunda FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Miaka miwili kabla, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walikuwa wamewafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda kudai mabadiliko, na Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza jimboni humo humo.

Mtu mpya na kinyago cha zamani

FRELIMO ilipochukua madaraka mwaka 1975 ilitaka kumjenga mtu mpya, yaani raia asiye na kabila, anayejitambua kwa taifa na kazi yake, na katika juhudi hizo jando, unyago, mahari na machifu vilishutumiwa kuwa masalia ya giza. Jambo la kusikitisha ni kwamba waliokemewa ndio waliokuwa wamebeba mzigo mkubwa wa vita, na ngoma ya mapiko yenyewe ilikuwa imechezwa katika kambi za wapiganaji, ikiwadhihaki Wareno kwa vinyago vyenye sura zao.

Amri hizo hazikuua desturi. Mapiko yalibadili nyimbo, yakaingiza sura za askari na viongozi, yakachezwa kwenye sikukuu za taifa, na katika baadhi ya vijiji vya Mueda wanawake nao wakaanza kucheza kwa vinyago, jambo ambalo babu zao wasingelikubali. Mtafiti Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu ngoma hiyo, ameonyesha jinsi kila kizazi kilivyobuni mapiko yake na kuyashindanisha na ya waliotangulia.

Sifa ya Wamakonde katika vita vya ukombozi ina upande wa pili, nao hauna budi kutajwa. Filipe Nyusi, Mmakonde mzaliwa wa wilaya ya Mueda aliyesoma utotoni katika shule ya FRELIMO ya Tunduru, Tanzania, aliiongoza Msumbiji kuanzia 2015 hadi 2025, na wakati wa uongozi wake, Oktoba 2017, mashambulizi ya Mocímboa da Praia yalifungua vita vinavyoendelea kuitesa Cabo Delgado. Sababu za vita hivyo ni nyingi, zikiwemo umaskini, mafundisho ya itikadi kali na ugomvi juu ya gesi na madini, lakini wachambuzi wengi wametaja pia manung'uniko ya Wamwani na Wamakua wa pwani kwamba matunda ya uhuru yamewaendea zaidi Wamakonde wa uwandani. Utambulisho uliokuwa ngao dhidi ya Mreno umegeuka, machoni pa jirani, kuwa leseni ya upendeleo.

Unyago mbele ya shule

Nchini Tanzania mvutano ni wa aina nyingine. Mikoani Mtwara na Lindi, unyago unalaumiwa na walimu, wanaharakati na baadhi ya wazazi kwa kuwafunda wasichana wadogo mambo ya unyumba kabla ya wakati, na kwa kuwafanya wajione wamekuwa wanawake kamili wakati bado wana miaka mingi ya darasani. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu ibada iliyotungwa kwa msichana aliyevunja ungo na aliyekaribia kuolewa sasa hufanyiwa mtoto wa shule ya msingi, ili wazazi waifanye mara moja wakati wa likizo na baada ya kuuza korosho, fedha zikiwapo.

Upande wa pili wapo makungwi na wazee wanaosema kwamba pasipo unyago msichana hajui usafi wa mwili wake, heshima ya maneno wala namna ya kukaa na watu, na kwamba asiyechezwa hutengwa na wenzake katika misiba na sherehe. Nao hawasemi uongo. Binti asiyepita unyagoni anaweza kukosa nafasi ya kusema kati ya wanawake wenzake kwa maisha yake yote, na hiyo ni adhabu nzito kwa mtu anayeishi kijijini.

Jambo hili lilikwisha kujaribiwa kurekebishwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Misheni ya Kianglikana ya Masasi, chini ya Vincent Lucas aliyekuwa askofu wake kuanzia 1926, ililichukua jando na kulitia sala na mafundisho ya Kikristo, huku ikiacha sehemu kubwa ya utaratibu wa kienyeji. Kwa wavulana mpango huo ulipokelewa, lakini kwa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu mafunzo yao yalikuwa mikononi mwa wanawake ambao mapadri hawakuwa na mamlaka juu ya siri zao.

> Marekebisho ya unyago yanayopangwa bila makungwi hukwama mlangoni, kwa sababu wao ndio wenye ufunguo wa chumba.

Funzo la Masasi halijazeeka. Sheria ina wajibu wake, na mahakama zimeutekeleza: mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Lakini hukumu haiwezi kumfundisha msichana kuwa yeye ni nani, na palipo na pengo la mafundisho hayo simu na mtaa hujaza haraka.

Njia inayofaa ni kuupandisha umri wa mwali, kuitoa sehemu ya unyumba hadi mtu atakapokaribia kuolewa, na kuacha ngoma, nyimbo, usafi, adabu na undugu wa wanawake viendelee. Kungwi anayeshirikishwa na mwalimu wa shule ya jirani atalifanya hilo kwa ufanisi kuliko mgambo anayetumwa kutawanya ngoma.

Gharama ya kuwa kabila la 43

Kwa Wamakonde wa Kwale, swali halikuwa la kupata utamaduni bali la kupata mlango. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wahamiaji wa Kiafrika waliokuwa mashambani hawakuingizwa uraiani kwa urahisi. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwapa watu wasio na nchi walioishi humo mfululizo tangu siku hiyo nafasi ya kuomba uraia ndani ya miaka mitano, na kwa kuwa muda huo uliishia Agosti 2016, maandamano ya Oktoba hayakuwa ya ghafla kama yalivyoonekana.

Wapo waliosubiri, na wapo waliojiandikisha kwa majina ya makabila ya jirani ili wapate kazi au watoto wafanye mitihani. Mtu aliyelelewa na mama wa Kimakonde, akachezwa jando la Kimakonde, kisha akaishi miaka mingi kwenye karatasi kama Mdigo, hupata jeraha ambalo hati mpya haiponyi kwa siku moja, kwa maana watoto wake wameandikishwa kwa jina hilo la kuazima na sasa wana haki ya kuuliza lipi ni lao.

Sheria ya Usajili wa Watu ya Kenya hudai mwombaji ataje kabila au asili yake. Kwa sababu hiyo, njia iliyopatikana kuwapa Wamakonde uraia ilikuwa kuwaongeza kwenye orodha ya makabila, na njia hiyo hiyo ikatumika Julai 2017 kwa Wakenya wenye asili ya Asia, waliotangazwa kuwa kabila la 44, kisha Washona na Wapemba nao wakatambuliwa katika miaka iliyofuata.

Wanaoitetea njia hii wanasema imefanya kazi, na kwa aliyekaa miaka 50 bila hati hakuna hoja inayoishinda hiyo. Wanaoikosoa wanasema inamlazimisha mtu athibitishe utamaduni ili apewe haki ambayo haipaswi kutegemea utamaduni, na makala haya yanakubaliana nao. Katika jamii ambayo ngoma, ufundi na jina vimebadilika mara nyingi kiasi hiki, ofisa wa usajili hana kipimo cha kumjua Mmakonde wa kweli, na akijitungia kipimo atamwacha nje kijana aliyezaliwa na mama wa Kimakonde na baba wa Kiduruma, asiyejua kuchonga wala kucheza ngoma ya sindimba, ambaye hata hivyo hana nchi nyingine.

Wapo pia wasio na kabila la kutangazwa, kama wajukuu wa vibarua kutoka Rwanda na Burundi walioletwa kwenye mashamba ya chai wakati wa ukoloni. Hawa wametawanyika, hawana kinyago kinachojulikana duniani, na hakuna mtalii anayewapiga picha, lakini kuzaliwa kwao Kenya si kudogo kuliko kwa mwingine yeyote.

Bunge la Kenya lina uwezo wa kuondoa sharti la kabila katika usajili na kuweka mahali pake swali la pale mtu alipozaliwa na muda alioishi nchini. Likifanya hivyo, Wamakonde wa Kwale watabaki Wakenya kwa haki yao ya kuzaliwa, na suala la umakonde wao litarudi kwa akina mama, wajomba, makungwi na wachongaji waliolisimamia tangu mwanzo.